Kwenda kambi ya triatloni nje ya nchi: mwongozo kamili kwa mwanariadha kijana

Kambi ya triatloni nje ya nchi ni wiki moja hadi tatu za kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia karibu kila siku, mbele ya makocha wasiokujua na pamoja na vijana wenzako ambao kila mmoja angependa aonekane. Wapo wanaorudi wamepanda daraja. Wapo pia wanaorudi na goti linalouma, kifua kinachobana na hamu ya mazoezi imekwisha. Nimewaona wa makundi yote mawili, na mara nyingi kinachowatenganisha huwa kimeshaamuliwa kabla ndege haijapaa.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kijana anakwenda kambini kujifunza. Hakuna medali ya aliyefika wa kwanza juu ya mlima siku ya Jumanne. Ushauri wote ulio hapa chini umejengwa juu ya hilo.

Hatua ya kwanza: jua unakwenda kutafuta nini

Kabla ya kuangalia picha za maziwa na milima, kaa na kocha wako mwandike sentensi moja: ukirudi, uwe unaweza kufanya nini ambacho leo hukiwezi? "Kuwa bora zaidi" si jibu. "Kuogelea mita 750 katikati ya kundi bila kupotea mwelekeo" ni jibu. "Kupita kona nikiwa ndani ya msafara wa baiskeli bila kuachwa" ni jibu.

Inasaidia kujua mchezo wenyewe unadai nini kwa umri wako. Triatloni iliingia Olimpiki mwaka 2000 mjini Sydney, kwa mita 1,500 za kuogelea, kilomita 40 za baiskeli na kilomita 10 za mbio. Vijana wa daraja la junia, wenye umri wa miaka 16 hadi 19, hushindana nusu ya hapo: mita 750, kilomita 20 na kilomita 5. Kwenye mashindano yao ya ngazi ya juu inaruhusiwa kumfuata mwenzako kwa karibu kwenye baiskeli ili akukinge upepo. Sasa piga hesabu: anayetoka majini amechelewa nusu dakika anaweza kulikosa kundi lote la mbele, akaendesha kilomita 20 peke yake huku walio mbele wanapokezana kazi. Ndiyo maana kwa vijana wengi kambi yenye bwawa zuri na kocha mzuri wa kuogelea ina faida kubwa kuliko kambi yenye milima ya kupendeza.

Hatua ya pili: chagua kambi, kisha ihoji

Ziko kambi za hali ya hewa nzuri, kama zile za visiwa vya Lanzarote na Mallorca nchini Hispania, ambako timu nyingi za Ulaya hukimbilia baridi inapobana kwao. Lanzarote ina upepo mkali, jambo linalofaa kwa kujifunza kuidhibiti baiskeli lakini linalomchosha haraka kijana mwepesi. Ziko za maziwa, kama Banyoles, mji wenye ziwa huko Hispania. Halafu ziko za miinuko: Font-Romeu nchini Ufaransa, takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, ambako kituo cha mazoezi kilijengwa kwa maandalizi ya Olimpiki ya Mexico ya 1968, Sierra Nevada nchini Hispania, mita 2,320, Livigno nchini Italia, takriban mita 1,800, Flagstaff nchini Marekani, takriban mita 2,100, na Iten nchini Kenya, takriban mita 2,400.

Kama hii ni kambi yako ya kwanza na umezoea kuishi nyanda za chini, achana na miinuko. Huko juu mapigo ya moyo hupanda kwa kazi ileile, usingizi hukatika siku za mwanzo, na damu huhitaji kama wiki tatu ili ibadilike kwa kiasi cha maana. Kijana anayekwenda siku kumi hupata tabu ya mwinuko na kuikosa faida yake. Ufundi wa kuogelea na wa kona hufundishika vizuri zaidi mwili ukiwa haupigani na hewa.

Ukishapata kambi mbili au tatu, waandikie waandaaji na uwaulize kwa maneno ya wazi. Kila kocha anasimamia wanariadha wangapi? Je, wanagawa makundi kwa uwezo au wote wanatoka pamoja? Bwawa ni la mita 25 au 50, na kila mstari unabeba watu wangapi? Kwenye safari za baiskeli kuna gari linalofuata nyuma? Mkiogelea ziwani au baharini, nani yuko kwenye mtumbwi au ubao wa uokoaji? Hospitali ya karibu iko umbali gani? Naomba nione ratiba ya wiki moja halisi. Kambi makini hujibu yote hayo bila kununa. Ratiba isiyo na hata nusu siku ya mapumziko ndani ya siku saba inakutosha kuamua: tafuta nyingine.

Lipo swali jingine, na hapa nawageukia wazazi, kwa sababu ndilo linaloachwa mara nyingi. Kama mtoto hajafikisha miaka 18, ulizeni nani anamwangalia nje ya saa za mazoezi. Anti, mjomba, baba, mama, yeyote anayesaini fomu, apate majibu kwa maandishi: vijana wanalala na nani chumbani, je, mtu mzima huingia vyumbani mwao, nani anawachua misuli na mlango unakuwa wazi au umefungwa, kocha huwasiliana na mtoto mmoja mmoja au kwenye kundi ambalo mzazi naye yumo. Kanuni nzuri ni rahisi: mtu mzima asibaki peke yake na mtoto mahali pasipoonekana na wengine, na asichati naye kwa siri. Lazima pawe na mtu aliyetajwa kwa jina wa kupokea malalamiko, na asiwe kocha mkuu mwenyewe. Waandaaji wakiona swali hili ni tusi, msimpeleke mtoto.

Hatua ya tatu: karatasi

Anza miezi minne au mitano kabla. Pasipoti iwe na uhai wa kutosha. Nchi nyingi hutaka ibakize miezi sita. Kwa nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja na ambako kambi nyingi za Ulaya zipo, pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na ibakize angalau miezi mitatu baada ya siku utakayoondoka huko. Anayehitaji viza ya Schengen anaweza kuiomba kuanzia miezi sita kabla ya safari na asichelewe kupita siku 15 kabla, na bima yake ya safari ifikie angalau euro 30,000. Mimi nisingengoja hata mwezi wa mwisho.

Soma bima hiyo mstari kwa mstari. Bima nyingi za kitalii haziwalipii watu walioumia wakifanya mazoezi ya michezo ya ushindani, na nyingine hazitambui baiskeli. Tafuta inayotaja mazoezi ya baiskeli barabarani na kuogelea kwenye maji ya wazi, pamoja na gharama ya kurudishwa nyumbani kwa matibabu.

Aliye chini ya miaka 18 anayesafiri bila wazazi abebe barua ya ridhaa ya wazazi wote wawili au mlezi halali, iliyothibitishwa na wakili, ikitaja tarehe, anwani ya kambi na jina la mtu mzima atakayempokea. Ongeza nakala ya cheti cha kuzaliwa na barua inayoruhusu matibabu ya dharura. Tengeneza nakala mbili za kila kitu: moja kwenye begi, nyingine kwenye simu.

Hatua ya nne: uandae mwili kwa wiki nane

Hapa ndipo kambi inapopatikana au kupotea. Kijana anayefanya saa nane za mazoezi kwa wiki, akaingia kambi ya saa ishirini, anaupa mwili wake mzigo ambao mifupa na kano hazikuusomea. Misuli na moyo huzoea haraka. Mifupa na kano huchelewa. Ndiyo maana anajisikia mzima hadi siku ya sita, halafu ya saba anaamka mguu unauma kwenye mfupa wa ugoko.

Panda polepole. Ongeza kidogo wiki tatu, shusha wiki ya nne, kisha rudia. Lenga wiki yako nzito zaidi nyumbani ifike angalau theluthi mbili ya saa za kambi, na iwe imekwisha siku kumi kabla ya safari. Kama huwezi kufika hapo bila kuharibu masomo na usingizi, kambi hiyo ni nzito kwako mwaka huu. Omba kundi dogo zaidi au chagua nyingine. Mwaka mmoja si kitu kwa mtu wa miaka 16.

Kama mazoezi yako ya kuogelea yote ni ya bwawani, tafuta maji ya wazi salama mara kadhaa kabla ya kwenda, ukiwa na mtu mzima anayejua uokoaji. Anayeona kina cha giza chini yake kwa mara ya kwanza huweza kushikwa na hofu, hata kama bwawani ni samaki. Bora hofu hiyo uizoee ukiwa na watu unaowajua.

Fanya pia vipimo vya kuanzia, ili makocha wa huko wasikukisie. Kwa kuogelea, pima mita 400 kwa nguvu zote, pumzika vya kutosha, kisha pima mita 200. Toa muda wa 200 kwenye muda wa 400, gawa kwa mbili: hiyo ndiyo kasi unayoweza kuihimili kwa mita 100. Mfano, 400 kwa dakika 6 na 200 kwa dakika 2 na sekunde 50 inakuachia sekunde 190. Nusu yake ni sekunde 95, yaani dakika 1 na sekunde 35. Andika namba hiyo, muda wako wa kilomita 5, na safari yako ndefu zaidi ya baiskeli. Usiiongeze chumvi. Kijana aliyejiweka kundi la juu kwa namba za uongo humaliza kambi nzima akifukuzana na migongo ya wenzake.

Hatua ya tano: daktari, na dawa ulizo nazo kabatini

Muone daktari wiki sita kabla. Moyo, kifua, chanjo zinazohitajika unakokwenda, meno (jino bovu likiamka siku ya tatu, kambi imekwisha), na kipimo cha damu cha madini ya chuma. Pima feritini pia, inayoonyesha akiba ya chuma mwilini, maana hemoglobini (ile inayobeba oksijeni kwenye damu) pekee inaweza kuonekana nzuri huku akiba ya chuma imekauka. Wasichana wanaopata hedhi na vijana wasiokula nyama wawe makini zaidi. Usimeze vidonge vya chuma kwa kubahatisha. Chuma kikizidi ni sumu.

Kuhusu dawa zilizokatazwa michezoni, kanuni za WADA, shirika la dunia linalopambana na dawa hizo, haziangalii umekusudia au hukukusudia: kilichokutwa mwilini mwako ni chako. Kijana anaweza kunaswa kwa dawa ya mafua. Pseudoefedrini, iliyomo kwenye baadhi ya dawa za kuzibua pua, imekatazwa siku za mashindano ikizidi kiwango. Salbutamoli ya kuvuta kwa wenye pumu inaruhusiwa lakini kwa kikomo: mikrogramu 1,600 ndani ya saa 24, na zisizidi 600 ndani ya saa nane zozote. Peleka orodha ya dawa zako zote kwa daktari wa shirikisho lako kabla ya safari, na kama ipo inayohitaji kibali maalumu cha matibabu, anza kukifuatilia mapema. Poda na vidonge vya kuongeza nguvu ambavyo mwenzako wa chumbani atakupa kwa nia njema, vikatae. Baadhi huwa na vitu visivyoandikwa kwenye kopo.

Hatua ya sita: baiskeli ndani ya sanduku

Ipeleke kwa fundi wiki mbili kabla, si siku moja kabla. Mnyororo, tairi, pedi za breki na nyaya zibadilishwe kisha uziendeshee angalau mara tatu, kwa sababu kitu kipya huhitaji kukazwa upya. Kama kambi inalenga mashindano ya kufuatana kwa karibu, beba baiskeli ya barabarani yenye usukani wa kawaida uliopinda. Ile yenye mikono mirefu ya kulalia mbele haina kazi huko na ni hatari ndani ya kundi.

Kabla ya kugusa spana, pima urefu wa kiti kutoka katikati ya ekseli inayopita kwenye fremu, ile inayozungusha mikono ya pedali, hadi juu ya kiti, na zungushia bomba la kiti utepe pale linapoingilia kwenye fremu. Piga picha ya usukani kwa ubavuni. Kosa la sentimita moja kwenye kiti, likizidishwa na kilomita 400 za wiki, linatosha kukuharibia goti.

Ondoa pedali. Ya kushoto ina uzi wa kinyume, na vijana wengi huikaza wakidhani wanaifungua. Kumbuka hivi: weka spana ikitazama juu, kisha isukume kuelekea gurudumu la nyuma. Pande zote mbili hufunguka hivyo. Toa magurudumu, na kama breki ni za diski za mafuta, chomeka kipande cha plastiki au kadibodi katikati ya pedi, na usiuminye mkono wa breki tena hadi magurudumu yarudi. Ukiuminya, pedi zitakutana na utahitaji fundi kuzitenganisha. Kile kifaa cha nyuma cha kubadilishia gia kifungue kwenye fremu, kifunge kwa kitambaa, kiegemeze ndani karibu na mnyororo. Sehemu yake ya kushikilia kwenye fremu hupinda kwa urahisi na kila fremu ina yake, hivyo nunua ya akiba na uibebe. Funga fremu kwa sponji ya mabomba, zuia uma wa mbele kwa kipande kigumu ili usibanwe.

Mitungi midogo ya gesi ya kujazia upepo iache. Mashirika mengi ya ndege huikataa. Beba pampu ya mkono. Betri za akiba na pawabenki hazipandi kwenye mzigo wa chini ya ndege kamwe: ziwe mkononi, na zisizidi wati-saa 100 kila moja bila idhini ya shirika. Yenye mAh 20,000 ni kama wati-saa 74, kwa hiyo inapita. Mwisho, baiskeli uiandikishe kwa shirika la ndege wakati wa kukata tiketi. Kufika nayo kaunta bila taarifa ni kujitafutia gharama, na wakati mwingine ni kuiacha.

Kwenye begi la mkononi weka vitu ambavyo ukivikosa siku mbili hutaweza kufanya mazoezi: viatu vya kukimbia, viatu vya baiskeli na pedali zake, helmeti, miwani miwili ya kuogelea (ya jua na ya mawingu), nguo za kuogelea, dawa na karatasi. Suti ya mpira ya kuogelea inaweza kwenda chini. Uikague unene: kwa mashindano haitakiwi kuzidi milimita 5, na kwa vijana na wa ngazi ya juu hairuhusiwi kabisa maji yakizidi nyuzi joto 20, kwa hiyo jifunze pia kuogelea maji ya baridi kiasi bila kuitegemea.

Hatua ya saba: siku tatu za kwanza

Mwili huhitaji takriban siku moja kwa kila saa moja ya tofauti ya majira, na safari ya kuelekea mashariki huwa ngumu zaidi. Fika mapema uwezavyo. Ukifika, toka nje upate mwanga, kula kwa saa za huko, na usilale mchana kupita nusu saa. Siku ya kwanza unganisha baiskeli, pima kiti kwa futikamba ukilinganisha na ile namba uliyoandika, kisha zunguka polepole nusu saa ukijaribu breki na gia zote. Usiijaribu kwa mara ya kwanza kwenye mteremko na kundi.

Kama nchi hiyo magari hupita upande tofauti na uliouzoea, hatari kubwa haipo barabarani moja kwa moja. Ipo kwenye mizunguko, na pale unapoanza tena baada ya kusimama kunywa maji. Siku za mwanzo kaa nyuma ya mtu anayeijua njia. Omba ufundishwe ishara za mikono za kundi lile, maana hutofautiana: ya shimo, ya kusimama, ya gari lililoegeshwa.

Siku hizi tatu ndizo vijana hujichoma. Kila mtu ana nguvu za safari na anataka kupima wenzake. Waache waende. Kigezo changu cha siku nyepesi ni kimoja: uwe unaweza kuzungumza sentensi nzima bila kukata pumzi, hata kwenye kilima. Ukishindwa, shusha gia.

Hatua ya nane: namna ya kuvuna kambini

Majini, jifunze kutazama mbele bila kuvunja mwili. Kosa la wengi ni kuinua kichwa kizima. Miguu inazama na kasi inakufa. Inua macho tu juu ya maji, kama mamba, wakati mkono wa mbele unaanza kushika maji, kisha geuza uso kando uvute pumzi kwenye mwendo uleule. Tafuta kitu kirefu nyuma ya boya, jengo au mti, kwani boya lenyewe hupotea kwenye mawimbi. Fanya zoezi la kuzunguka boya mkiwa wanne au watano mnaogusana. Mwanzoni utapigwa teke na utakunywa maji. Mwambie kocha akurudishe tena na tena kwa mwendo mdogo hadi moyo utulie. Ujuzi huu hauwezi kuupata peke yako, na ndiyo sababu kubwa ya kulipia kambi.

Kwenye baiskeli, mwombe kocha akufundishe kona mkiwa kwenye uwanja mtupu. Breki zishikwe kabla ya kona, pedali ya nje iwe chini na imebeba uzito, macho yatazame unakotokea. Ndani ya kundi, gurudumu lako la mbele lisiingie kando ya gurudumu la nyuma la aliye mbele. Likiguswa, anayeanguka ni wewe. Mikono iwe karibu na breki muda wote.

Kubadilisha kutoka mchezo mmoja kwenda mwingine ndiko mahali pa bei nafuu pa kupata sekunde. Helmeti ifungwe kidevuni kabla hujaigusa baiskeli, usipande kabla ya mstari wa kupandia, na ushuke kabla ya mstari wa kushukia. Fanya mara kumi kavu, ukiwa umevaa viatu, bila kukimbia. Kisha mara kumi kwa mwendo. Baada ya safari ya baiskeli kimbia dakika kumi tu. Miguu itahisi ya mtu mwingine, na dakika hizo kumi zikirudiwa mara mbili kwa wiki zinatosha kuizoesha.

Kila jioni andika mistari mitatu: umefanya nini, umejisikiaje kwa kipimo cha 1 hadi 10, na kocha amekwambia nini kwa maneno yake mwenyewe. Maneno hayo ndiyo mali utakayorudi nayo.

Hatua ya tisa: kula, kunywa, kulala

Kijana kambini anakula kwa ajili ya mazoezi na kwa ajili ya kukua. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko mwaka 2014 kuhusu hali ya upungufu wa nishati kwa wanariadha: mtu anayekula pungufu ya anachotumia hudhoofika mifupa, kinga na homoni hata kama uzito wake unaonekana mzuri. Msichana ambaye hedhi imekata anahitaji daktari, na kocha anayemsifu kwa kukonda anakosea vibaya. Kambi si mahali pa kupunguza uzito.

Kula wanga kila mlo siku za mazoezi makubwa, na protini kidogo kidogo kutwa nzima. Safari ya baiskeli ikizidi dakika 75 hivi, beba gramu 30 hadi 60 za wanga kwa kila saa, na uanze kula mapema kabla njaa haijaja. Jipime uzito kabla na baada ya zoezi refu: kilo moja iliyopungua ni kama lita moja ya maji. Ukipoteza zaidi ya asilimia 2 ya uzito wako, ulikunywa kidogo. Ukiongezeka uzito, ulikunywa kupita kiasi, na hilo nalo ni hatari. Kunywa maji yaliyofungwa au yaliyochemshwa mahali usipopajua, na chupa za baiskeli zioshwe kwa sabuni kila siku. Kuharisha kumemaliza kambi nyingi.

Usingizi ni saa 8 hadi 10. Simu ilale nje ya kitanda.

Hatua ya kumi: kusema "leo hapana"

Hili ni gumu kuliko mlima wowote, hasa kwa kijana aliyefundishwa kuwaheshimu wakubwa. Ukiamka mapigo ya moyo yako juu kuliko kawaida, koo linawasha, usingizi ulikatika na huna hamu ya kula, mwambie kocha kabla ya zoezi, si katikati yake. Sema hivi: "Kocha, samahani, leo mwili haupo sawa, naomba nifanye nyepesi au nipumzike." Kocha anayejua kazi yake atakushukuru.

Maumivu ya misuli pande zote mbili ni ya kawaida. Maumivu ya upande mmoja, yaliyo kwenye nukta unayoweza kuigusa kwa kidole, au yanayokubadilisha unavyotembea, ni ya kusimamisha mbio siku hiyohiyo. Homa, maumivu ya kifua, kuzimia, hakuna mazoezi hadi daktari aseme. Ukianguka na kugonga kichwa, safari imekwisha kwa siku hiyo hata ukijisikia vizuri, na helmeti hiyo usiivae tena.

Kuhusu upweke: utakuja, mara nyingi usiku wa tatu au wa nne, uchovu ukikutana na lugha ngeni. Panga saa moja maalumu ya kupiga simu nyumbani, na usiipange mara tu kabla ya kulala.

Hatua ya kumi na moja: ukirudi

Mwili hupokea faida ya kambi wakati wa kupumzika, kwa hiyo wiki ya kwanza nyumbani punguza hadi nusu ya kawaida yako na usikimbie kwa kasi. Usijiandikishe mashindano ya mwisho wa wiki hiyo, hata marafiki wakisisitiza. Fungua sanduku siku hiyohiyo, kagua fremu na gia, osha mnyororo wenye chumvi ya bahari kabla haujashika kutu.

Kaa na kocha wako wa nyumbani na ile mistari uliyoandika kila jioni. Chagueni mambo mawili tu ya kuendeleza, hata kama umefundishwa kumi. Siku ya kumi hadi ya kumi na nne baada ya kurudi, rudia kipimo cha mita 400 na 200, kilomita 5, na lile jambo moja mliloliandika mwanzoni. Ukiwa umekuwa mzito kuliko ulivyokuwa kabla ya kambi, ongeza siku nne za mapumziko, pima tena, ndipo mpange ratiba ya msimu.